Ng'ambo ya Wekundu

Walikuja watatu na kopo la biskuti:
Swadiki, dadake Zuena, na shemeji mmoja
ambaye sikujua amekuja kufanya nini ila kuhesabu.
Wametoka Kuze, jua la saa saba migongoni.
Ndani ya kopo, kitambaa. Ndani ya kitambaa,
bonge kama ngumi ya mtoto,
rangi ya kahawa iliyodondokewa maziwa.

"Mamangu akililalia, chini ya mto," alisema Swadiki.
"Hini ni ambari. Twataka karatasi tu."

Karatasi tu!
Paa la nyumba lishaezekwa upya midomoni mwao,
hija ishalipiwa, deni la Mariakani lishafutwa,
na bonge lenyewe halijaulizwa jina.

Usilolijua ni usiku wa giza.
Kazi yangu mimi, Nyevu Mwadzaya wa maabara ya Shimanzi,
ni kuupigia hodi usiku huo
kwa mwanga ulio ng'ambo ya wekundu,
ambao jicho haliuoni ila ngozi huuita joto.

Kwanza naisomesha mashine utupu:
hewa ya chumba, unyevu wa Mombasa, pumzi zetu,
ili baadaye itoe vyetu, ibakishe vya mgeni.
Punje za silika, juzi buluu, leo pinki.
Mji huu hata kioo cha chumvi ndani ya mashine
ungekiyeyusha ukipewa wiki moja.
Nabadilisha punje. Zuena ananitazama mikono.

Nalikandamiza bonge juu ya almasi ndogo kama mtama.
"Almasi ya kweli?" auliza shemeji.
Ya kweli. Naye aitia hesabuni.

Kila kifungo kina mtikisiko wake.
Kaboni na hidrojeni zanesa hivi, kaboni na oksijeni vile,
na kila kimoja hunywa mwanga wa kadiri yake,
uliobaki kikauacha upite.
Palipokunywewa, mstari huzama.

Ukazama elfu moja mia saba arubaini na nne.
Nikakunja uso. Si ambari hiyo, wala si mti.
Ni mafuta ya nazi.

Basi ni ngozi iliyosema. Ndani bado.
Nikachukua wembe, nikakwangua ubavuni;
Swadiki akashtuka kama niliyemkata yeye.

Mara ya pili, nazi haipo.
Mia nane themanini na nane pana jino dogo,
na jino hilo hata ambari inalo:
kwa dakika nzima nilitamani kuishia hapo.
Lakini elfu moja mia sita tisini na tatu
palikuwa na shimo refu, na ambari haina shimo hilo.
Hiyo ni asidi ya utomvu.

"Ni sandarusi," nikasema.
"Chozi la mti, lililokaa sana mchangani."

"Kilo yauzwaje?"
"Kama vanishi."
Shemeji akatafuta viatu vyake, navyo alikuwa amevivaa.
"Mashine yako nzee," alisema Swadiki.
"Nzee, ndiyo. Lakini haidai urithi."

Zuena hakuitaka karatasi ya pili.
"Hini ya kwanza, ya mafuta. Ni ya mikono yake?"
Nikamwambia kweli: ni mafuta ya nazi,
nusu ya Mombasa yapaka,
mstari haujui mkono wa nani.
"Mimi naujua," akasema,
akaikunja mara nne, akaifunga pindoni mwa leso.

Waliondoka wakibishana nani abebe kopo.
Mezani gunia dogo la unga wa manjano lilingoja,
limeletwa kutoka bandarini, halina hati:
sabuni, au sumu, au rangi ya peremende.

Nikaipangusa almasi kwa pamba na spiriti.
Mstari ukalala,
ila elfu mbili mia tatu na hamsini
palipotetemeka kidogo.
Hapo ni pumzi: yangu,
au ya waliokwisha kutoka.